Tiketi ya Pointi na Swali la Mama

Leo nimempelekea mama tiketi ya ndege ya bure. Nimerudi nayo kwangu Kijenge, mjini.

Nilimkuta nyumbani, huko mlimani Meru, anamenya ndizi.

"Shikamoo mama. Nimetukatia tiketi za Zanzibar kwa pointi zangu, hatujalipa nauli."

"Marahaba. Hizo pointi umezipataje?"

Nikamweleza, tena kwa maringo: kila ninaposafiri kikazi, shirika la ndege linaniongezea. Nimekusanya miaka sita.

Mama akaweka kisu chini.

"Na ile safari iliyokufanya usimzike baba yako, nayo imo?"

Imo, jamani. Ilikuwa ya mbali, ndiyo iliyonipa nyingi kuliko zote.

Nyie mngemjibuje?

Mimi nilichukua kisu, nikamalizia kumenya ndizi zilizobaki.