Barua Kumi na Nne za Truphena

Truphena Nchagwa alikuwa daktari wa samaki. Si wa kuwatibu, wa kuwasoma. Kwao Isebania, watu walishangaa mtu anawezaje kumaliza ujana wake akichunguza omena, samaki asiyezidi kidole, halafu aitwe daktari na asijue hata kudunga sindano. Lakini mama yake, Bhoke, hakushangaa. Aliuza ng'ombe watano ili binti yake asome, na Mkurya haachani na ng'ombe kirahisi, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Kila Truphena alipokwenda nyumbani aliulizwa lile lile.

"Wameshakuandika kazi, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Lakini unafundisha."

"Nafundisha."

Mama alitikisa kichwa. Alijua watu wa kila namna, ila hakuwahi kumjua anayekamua ng'ombe miaka saba, kisha akiombwa majani anasema huyo ng'ombe si wake.

Na kweli ilikuwa miaka saba. Chuo chenyewe, kampasi moja ya Homa Bay, tusikitaje jina, maana kinatia kichefuchefu hata bila jina. Truphena alikuwa mhadhiri wa muda. Alifundisha wanafunzi mia tatu katika ukumbi wa watu mia, akasahihisha mitihani yao yote, akawasimamia wa mwaka wa nne. Likizo ikifika alivuka kwenda kisiwa cha Takawiri, akakaa na akina mama wanaoanika omena mchangani. Yeye ndiye aliyewaonyesha, kwa vipimo na kwa subira, kwamba omena wakianikwa juu ya vichanja vya nyavu hawaingii mchanga na hawaozi upesi mvua ikinyesha. Akina mama walimwita Nyar Kuria, binti wa Wakurya, na walimwekea kiti chake.

Profesa Okari, mkuu wa kitivo, alimsifu katika kila mkutano. Kilemba cha ukoka hicho. Makala za Truphena zilipochapishwa, jina la Okari lilitangulia, ingawa bwana huyo aliogopa maji na hakuwahi kukanyaga Takawiri hata siku moja.

Sasa, kampasi ile ilikuwa na desturi yake. Muhula ukianza, mkataba wa mhadhiri wa muda ulikuja na karatasi ya pili: barua ya kujiuzulu, imeshapigwa chapa, "kwa sababu zangu binafsi", bila tarehe. Stanley wa ofisi ya wafanyakazi aliisukuma mezani kwa kidole.

"Daktari, wewe weka tu jina na sahihi. Tarehe achana nayo, hiyo tutajaza sisi."

Muhula ukiisha, tarehe ilijazwa, na mtu akawa amejiuzulu bila kujua siku. Hivyo hakuna aliyefanya kazi mfululizo hata akaweza kudai chochote. Aliyekataa kutia sahihi alikuta darasa lake limepewa mwingine. Truphena alitia sahihi mara kumi na nne.

Mwaka huu ukaja mpango mpya. Ulitoka Nairobi, na angalau safari hii ulionekana umeandikwa na mtu mwenye akili na aibu. Watafiti vijana waache kufanywa vibarua. Wapewe miaka mitano ya majaribio kwa mshahara kamili na fungu lao la utafiti, kisha wapimwe kwa kazi yao, na anayefaulu athibitishwe moja kwa moja. Kampasi ilipata nafasi moja. Sharti lilikuwa kwamba mwombaji awe amefundisha miaka mitatu bila kukatika. Truphena alisoma tangazo mara mbili, akampigia mama yake simu. Mama akapiga vigelegele mpaka simu ikakoroma.

Siku ya mahojiano waliketi kwenye benchi la korido, wote wahadhiri wa muda wenye shahada ya uzamivu: Truphena, Boaz wa takwimu, Liz wa udongo, na wengine wawili. Truphena akaitwa wa kwanza. Ndani alikuwa Okari, wazee wawili wa kitivo, na mgeni kutoka Nairobi, Dakta Idil, ambaye alikuwa amesoma makala zake kweli, kwani aliuliza habari za vichanja kwa undani. Mambo yalikwenda vizuri hadi Okari alipofungua faili.

"Utafiti ni mzuri sana, hakuna ubishi. Lakini iko shida kidogo, Daktari. Wewe umeresign mara kumi na nne."

Akazipanga barua zenyewe mezani. Tarehe zote zilikuwa za mwandiko wa Stanley, wino ule ule.

"Mtu mwenye miguu ya kuondoka namna hii, chuo kitamwekea miaka mitano kwa imani gani?"

Alisema hayo bila kupepesa macho.

"Barua hizi uliziandika mwenyewe?" Idil akauliza.

Truphena angejibu mara moja, lakini chini ya barua zake aliona bunda jingine, limefungwa kwa uzi. Za Boaz. Za Liz. Uzi ule aliufunga yeye. Kwa miaka miwili iliyopita Stanley alikuwa akimpa yeye karatasi awagawie wenzake na kuzikusanya zikishatiwa sahihi, kwa kuwa alikuwa mkubwa wao, na yeye ndiye aliyewatuliza wapya walipositasita. Uchafu aliouona kwa Okari ulikuwa mikononi mwake pia.

Akasema yote. Kwamba walilazimishwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezikusanya barua za wenzake. Idil aliandika mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeona haya, "Nitaripoti, Daktari. Lakini leo jopo linafuata karatasi zilizo mezani."

Truphena akatoka. Mlangoni pa ofisi ya wafanyakazi, hatua chache kutoka kwenye benchi, Stanley alikuwa akimngoja na rundo la karatasi za muhula mpya, mbili mbili.

"Daktari, afadhali umetoka. Hebu wapatie wenzako hizi."

Alizipokea, kwa mazoea. Kisha akawageukia walioketi kwenye benchi, akawaambia barua zao ziko ndani, zina tarehe, na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayehesabiwa amefundisha mwaka mzima. Akawaomba msamaha. Halafu akazirarua zote, polepole, mikataba pamoja na barua, mpaka sakafu ikawa nyeupe.

Boaz alizitazama zile karatasi, akatazama saa yake. Akainuka, akazikwepa asizikanyage, akaenda kwa Stanley kuomba nyingine.