Kizibo cha Kiazi

Harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi ni ya baridi, ina udongo kidogo na utamu fulani usiotulia puani. Watu wengi hawaisikii kabisa. Mimi nikiisikia viganja vyangu hulowa jasho, hata nikiwa jikoni kwangu mchana kweupe, na hakuna anayenitegemea kwa lolote ila chakula. Harufu hiyo hunirudisha Gisenyi, mji wa ziwani jirani na Goma, kwenye likizo moja ya kiangazi mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi, nikiamini kwamba kitu kikipendeza basi kitafanya kazi.

Mwaka ule watu walikuwa wameanza tena kuja ziwani kwa starehe, wakitandika vitenge mchangani na kula sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, hadi vidole ving'ae mafuta. Mjomba Idi, kaka yake mama, alikuwa amerudi kutoka Kigoma alikokulia, na nyumba moja ya wageni ilimwajiri awalinde waogeleaji wake. Hakuwa na kiti kirefu wala boya. Alikuwa na kamba ya nailoni, na kwenye ncha yake kidumu kitupu cha manjano cha lita tano, cha kumrushia mtu anayezama ili akikumbatie na avutwe hadi nchi kavu. Kifuniko cha kidumu hicho kilikuwa kimepotea zamani, kama vifuniko vya vidumu vyote vya mtaa wetu, na Mjomba alikiziba kama kila mtu alivyoziba cha kwake akienda kuchota maji: kwa kiazi. Kiazi chake kilitoka mashamba ya Mudende, kilikuwa na ganda lake, kimeviringishwa kipande cha mfuko wa plastiki na kugongwa kwa kisigino cha kiatu hadi kikakwama. Kilikuwa cheusi, kimenyauka, kinatia aibu.

Asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Mjomba aliwafundisha wahudumu wawili wa nyumba ile jinsi ya kumwokoa mtu. Mimi hakutaka kunifundisha. "Kua kwanza, Mwaju," alisema. Kwa hiyo nilijifunza mwenyewe, nikikaa nyuma ya ukuta mfupi na daftari mapajani. Kwanza ongea naye. Pili mrushie. Tatu, ikishindikana, ndipo uingie. Anayezama hapigi kelele, maana hana pumzi ya kupigia; mtazame mdomo wake, kama unazama na kuibuka pamoja na maji. Akitolewa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie, kisha mkandamize kifua mara kumi na tano, mpulizie tena mara mbili. Nakiri kwamba ukurasa ule niliuandika upya mara nyingi, kila wino ulipotia doa. Nyumbani nilijaza mabaki ya vitambaa vya cherehani ya mama kwenye gunia dogo, nikalifanya mgonjwa wangu, na nikikosea hesabu nilianza tena kutoka mwanzo. Mgonjwa wangu alikufa mara nyingi kwa sababu nilikuwa nikirekebisha mambo yasiyohitaji kurekebishwa.

Aliyeniponza ni Mama Zaina, muuza sambaza mwenye Kiswahili cha Goma. Siku moja alikiangalia kidumu cha Mjomba, akaweka mkono kiunoni. "Bon, Idi! Ii kidumu ni ya kuokoa batu ao ya kuenda kupika? Mi nikuletee na chumvi?" Wageni walicheka. Mjomba naye alicheka, akamwambia alete na mafuta. Mimi sikucheka. Niliona aibu kwa niaba yake, aibu ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo, na usiku ule nililala vibaya.

Kesho yake niliamka kabla ya Mjomba. Nilichukua wembe wa mama na kiazi kikubwa kizuri kuliko vyote kikapuni. Nilikimenya chote, nikakichonga mviringo hadi kikawa cheupe na laini kama sabuni mpya, nikang'oa kile cheusi pamoja na plastiki yake, nikakiingiza changu. Kiliingia sawasawa, bila kugongwa. Nilikitazama kwa furaha ambayo hadi leo naikumbuka kwa majuto.

Siku hiyo Sefu alikuwa amekuja. Sefu ni mtoto wa mama mkubwa aliyeolewa Goma. Alikuwa na miaka minane, na alijua kuogelea kwa maneno tu. Alasiri upepo ulianza kupiga mawimbi, na kandambili yake moja ikachukuliwa na maji. "Mwaju, ona! Inarudia Goma pasipo mimi!" alipiga kelele akicheka, akaifuata. Ziwa letu halina adabu ya kushuka polepole. Unakanyaga mchanga, halafu hukanyagi kitu. Nilimwona amenyamaza. Kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inasukuma maji chini kama mtu anayepanda ngazi. Hakuna mwingine aliyeona kitu. Nikapiga ukelele.

Mjomba alirusha kidumu, na sijawahi kuona mrusho mzuri kama ule. Kilitua hatua moja mbele ya Sefu. Kilipopiga maji, kiazi changu cheupe kikachomoka kama kokwa ya tunda, kikazama peke yake. Sefu alikumbatia kidumu, kidumu kikameza maji kwa mlio ninaousikia hata sasa, kikamtoka mikononi, na wote wawili wakashuka.

Mjomba aliingia na nguo zake. Alipomtoa, Sefu alikuwa na midomo ya rangi ya majivu na hapumui. Watu wakajaa. Wanaume wawili walimshika miguu, tayari kumning'iniza, na Mama Zaina akalia, "Mumupindue! Mumupindue maji itoke!" Ndivyo ilivyofanywa kwetu siku zote. Mjomba alikuwa amepiga magoti akikohoa, hawezi kusema. Ndipo nikajitupa juu ya Sefu, nikashika kanzu ya mmoja wao. "Hapana! Chali! Alazwe chali!" Sikujua kama nina sauti kama ile. Mjomba akapata pumzi. "Mwacheni. Mwaju, hesabu." Akainua kidevu cha Sefu, akampulizia, akaanza kukandamiza kifua, na mimi nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikiogopa kuruka namba kuliko nilivyoogopa kitu chochote maishani. Mzunguko wa tatu sikuumaliza. Sefu alikohoa, akatapika maji na sambaza, akalia. Mjomba alimgeuza ubavu, Mama Zaina akavua kitenge chake cha juu akamfunika. "Asante Mungu, analia! Lia, mutoto, lia muzuri!" Walimpeleka hospitali ingawa alisema amepona, kwa sababu Mjomba alisisitiza kwamba maji yaliyoingia mapafuni huweza kuleta shida saa nyingi baadaye. Kesho yake alirudi akiuliza habari za kandambili yake.

Siku hiyohiyo nilimwendea Mjomba. Nilimkuta amekaa kizingitini akianika kamba, nikamwambia yote: wembe, kiazi, aibu. Nilitegemea kofi. Aliiweka kamba chini.

"Jana nani alikuwa kazini, wewe au mimi?"

"Wewe, Mjomba."

"Nani alipaswa kukitia kidumu majini kila asubuhi na kukikalia aone kama kinashika?"

"Wewe."

"Basi hilo kosa ni langu, usininyang'anye. La kwako ni kugusa kifaa cha mtu bila kuuliza, na hilo nimelisikia." Kisha akanisogezea kikapu. "Leta kiazi. Ganda liache. Ganda na plastiki ndivyo vinavyoshika. Ukimenya unabaki na utelezi." Nilikigonga kwa kisigino changu mwenyewe. Kuanzia siku hiyo alinifundisha waziwazi, mbele ya ukuta.

Mwaka jana nilirudi ufukweni pale. Walinzi sasa wana maboya ya rangi ya machungwa, na ukutani kuna ubao wa picha unaoeleza jinsi ya kumhudumia aliyezama. Niliusoma kama ninavyosoma kila kitu, nikitafuta kosa. Kukandamiza kifua: mara thelathini. Nilisoma tena. Thelathini, si kumi na tano. Nilijua kwamba mafunzo hubadilika, lakini niliketi mchangani mimi mtu mzima, nikiwaza kwamba siku ile nilihesabu vibaya. Nikampigia Sefu, ambaye siku hizi anaendesha lori kati ya Goma na Kigali. Nilimweleza habari za ubao.

"Mwaju," alisema, "we njo ulitaka kunizamisha na kiazi, leo unalilia hesabu?" Akacheka hadi akakohoa, kikohozi kikubwa cha mtu mwenye mapafu mazima. Alipotulia sikukata simu. Niliibana simu sikioni nikamsikiliza akivuta pumzi na kuitoa, kuvuta na kutoa, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu.