Shika Upande Huo

Asubuhi ile mke aliamka kwanza, kama siku zote. Akachemsha chai, akakata mkate. Mume alinung'unika kwamba kamba ya kiatu imemkatikia. Mke akachomoa kamba kwenye kiatu chake cha zamani, akampa bila neno. Wakanywa chai. Nje kulikuwa na manyunyu.

Siku tatu baadaye mke alilazwa hospitali, na wiki ile haikuisha akiwa hai.

Mpaka leo mume anaitafuta asubuhi hiyo kichwani, aone walisemezana nini. Haoni kitu. Walikaa saa nzima kimya, na hakuna aliyepungukiwa. Ndoa yao ya miaka arobaini na mmoja ilikuwa hivyo.

Na mke huyo, asiye na maneno, ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali, watu tisa chini yake. Mume alikuwa mtu wa boila, tangi la kuchemshia maji, upande wa pili wa ukuta. Mvuke ulitoka kwake ukaenda kwenye mashine za mkewe. Ukutani palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, kwa hiyo aliona mengi, hata asiyoyataka.

Mkuu aliyetangulia alikuwa mtu wa sauti. Mashine zikinguruma, naye ananguruma juu yake. Alipostaafu, nafasi ikamwangukia mke kwa sababu ya uzoefu. Siku ya kwanza wote tisa walijipanga wakingoja hotuba. Akawatazama, akasema, "Haya." Akaenda kwenye kapu la mashuka.

"Haya nini?" akauliza mwendesha mashine mmoja, jitu la miraba minne waliloliita Bomba. "Mama, ndiyo hotuba hiyo?"

"Ameshamaliza," mwenzake akamjibu. "Kama hukusikia, shauri yako."

Tangu hapo akawa Mama Kimya.

Sasa, shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Kila siku alimwita mmoja wao: "Shika upande huo." Wanarudi nyuma, wanalivuta, wanalikung'uta, kisha wanasogeleana mpaka pembe zikutane na nyuso zikaribiane. Wanaachana, wanaanza tena. Mashine zinapiga kelele, hakuna wa tatu anayesikia. Mashuka ishirini hivyo, mikono ina kazi, macho yana pa kutazama, na mtu anajikuta amesema jambo ambalo hata nyumbani kwake hajalisema. Mama Kimya anaitikia tu. Kesho yake anayeumwa mgongo ameondolewa kwenye makapu mazito. Mwenye mtoto mgonjwa amehamishiwa zamu ya mchana. Haulizwi mtu kitu.

Akaja katibu mpya wa hospitali, mtu wa mikutano.

"Mama, kiongozi ni sauti," akamwambia.

"Nimeelewa."

"Unaona sasa? Hata hapo ungesema zaidi kidogo."

Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Kitengo kisipochangamka, atarudi kwenye meza ya pasi na Bomba ataongoza. Bomba alipopata habari hiyo, akawa anasafisha koo kila asubuhi.

Nyumbani mume roho ilikuwa juu. "Mke wangu, jilazimishe. Wapigie kelele hata mara moja."

"Kelele gani?"

"Yoyote!"

Akafikiri. "Nitachoka bure."

Lakini chakula hakukigusa. Baadaye akasema, akitazama sahani, "Mimi meza ya pasi siiogopi. Wale tisa nitawaacha na nani?"

Na mwezi huohuo nguo za chumba cha upasuaji zikaanza kuungua. Zilitoka kwenye pasi ya mvuke na madoa ya kahawia, moja leo, mbili kesho. Madaktari wakaja juu. Katibu akafika, akawapanga mstari.

"Nani anaunguza?"

Akapita mbele yao mmoja mmoja.

"Nauliza mara ya mwisho. Nani?"

Wote wametia maji mdomoni. Bomba mwenyewe, na sauti yake yote, alikuwa anatazama viatu.

"Mama, nakupa siku tano. Nataka jina."

Siku mbili Mama Kimya alikunja mashuka. Kila mtu alipata zamu yake. Siku ya tatu akaja kwenye kidirisha.

"Baba, nipatie rangi nyekundu. Kidogo tu."

"Ya nini?"

"Ya pasi."

Mume akampa iliyobaki alipopaka mabomba ya mvuke. Mchana akachungulia. Ile pasi ilikuwa mpya, ina saa ya joto yenye namba. Ya zamani haikuwa na namba. Kwenye kioo cha saa palikuwa na nukta moja nyekundu, pale mshale unapotakiwa kusimama.

Hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe hakukanyaga shule. Saa ya boila aliisoma kwa alama ya kutu: mshale ukifika kwenye kutu, punguza moto. Basi kati ya wale tisa kulikuwa na mwenzake asiyesoma namba, naye ameona aibu kusema. Nani? Usiku alimuuliza mkewe. Mke akamwongezea chai. Mume akaelewa, akanywa.

Nguo hazikuungua tena. Siku ya tano katibu akaja.

"Ni nani?"

"Haziungui tena, Bwana Katibu."

"Nimeuliza jina."

"Jina halipigi pasi."

Katibu akamsogelea. "Umejuaje? Mimi nimewauliza wote, hakuna aliyefumbua mdomo. Mkutano umefanya lini?"

Mama Kimya akachukua shuka kapuni. "Shika upande huo."

Katibu akatazama kushoto na kulia, akatia simu mfukoni, akashika. Shuka la kwanza alikuwa bado anahutubia. La tatu sauti ikashuka. La sita midomo tu ndiyo iliyocheza. La saba akasimama na pembe mkononi, anatazama sakafu, na Mama Kimya akamngoja.

Bomba akajisogeza kwenye kidirisha. "Mzee, anasema nini?"

"Boila inanguruma. Sisikii."

"Na mimi je, masikio yote haya, bure!"

Katibu akaondoka bila kuaga. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita, na hakuna aliyegusia habari ya meza ya pasi. Bomba akaacha kusafisha koo. Siku moja akamfuata mwenyewe: "Mama, leo si zamu yangu ya mashuka?"

Lakini jioni ile ya katibu, wakirudi nyumbani kwa miguu, mume alishindwa kujizuia. Akamuuliza yule bwana amemwambia nini. Mke akatembea mpaka wakaipita kona yao ya kwanza. Kisha akasema:

"Aliyoniambia ni yake. Ila kukunja shuka, hajui kabisa."