Nilivyomwombea Bi Ingeborg

Haya mambo sipendi kuyasema, na mke wangu Nafula akiyataja mbele ya wageni mimi hutoka nje nikajifanya naangalia mbao, lakini kwa vile leo mmenibana, nitasema tu: mimi ndiye yule fundi aliyeomba mpaka kanisa zima likalia, halafu kanisa hilo hilo likanicheka mpaka kiongozi wa kwaya akalazimika kwenda nje kupumua.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nakaa Gatwekera, huku Kibera, hapa Nairobi, nyumba ya udongo na mabati, nikifanya useremala Kawangware, na Jumapili nilisali huko huko Kawangware, kwenye kanisa dogo lililojengwa kwa ploti ya Mzee Njoroge (mwenye nyumba za kukodisha, mwenye duka, na mwenye neno la mwisho). Mimi, mpangaji tu aliyetoka magharibi, nilitamani sana kuwa mzee wa kanisa, kwa sababu wazee walikaa mbele kwenye viti nilivyovitengeneza mimi mwenyewe, na mimi nikikaa nyuma kwenye benchi.

Siku moja pasta akaleta karatasi za Kiingereza kutoka makao makuu, zenye majina ya wamishenari wanaohudumu ng'ambo, mbali na kwao, akasema kila mtu achukue jina moja aliombee kila Jumapili. Mimi nikapata Bi Ingeborg. Pasta akauliza kama kuna anayetaka kusomewa. Hapo ndipo nilipoharibu. Kiingereza changu kilikuwa cha kununulia misumari, lakini Mzee Njoroge alikuwa ananitazama, basi nikatikisa kichwa kama mtu aliyesoma mpaka akachoka. Chini ya jina niliona neno Nairobi, nikadhani ni anwani ya posta, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Sasa utamwombeaje mtu usiyejua yuko wapi? Unakisia. Na mimi sikuwa nimefika ng'ambo yoyote, kwa hivyo nikachukua matope ya njia yetu ya Gatwekera, mtaro, pombe ya chang'aa na vita vya kugombania maji bombani, nikavihamishia nchi ya mbali. Nikamsihi Bwana amkumbuke binti yake huko gizani, anakokanyaga uchafu mpaka magotini. Kina mama wa Kawangware wakasema maskini. Jumapili iliyofuata nikaongeza paa linalovuja juu ya kitanda. Ya tatu (maana watu wakizoea kulia hawatosheki na kidogo) nikasema watu wa huko wanakula nyani, na wanaume wao ni wavivu wasiojua hata kumsalimia mgeni. Nilipokaa, Nafula akanidunga na kiwiko, akauliza hayo ya nyani nimeyasoma wapi. Nikamwambia yako ndani ya Kiingereza.

Kanisa likawaka. Kina mama wakafuma sweta, mtu akaleta blanketi, mwingine sabuni na kopo la kakao, na Mzee Njoroge mwenyewe akatoa buti za mpira kwa ajili ya yale matope. Pasta akaandikia makao makuu kuuliza vitu vitumwe kwa njia gani, nao wakajibu kwamba Bi Ingeborg atakuja kuvichukua mwenyewe. Watu wakashangaa, safari yote hiyo, na Mzee Njoroge akasema atachinja mbuzi, na kwamba siku hiyo hiyo, baada ya ibada, nitawekewa mikono niwe mzee wa kanisa.

Jumapili ikafika. Nimevaa koti la kuazima. Akaingia mzungu mmoja kwa miguu, viatu vina matope, nami nikamjua mara moja: ni yule mama wa zahanati ya kwetu Gatwekera, anayekaa milango minne kutoka kwangu, tuliyezoea kumwita Mama Dawa wala hatukujua ana jina lingine. Nikajiambia, huyu naye amekuja kumpokea mzungu mwenzake, nikampungia mkono. Kisha pasta akaniita niombe, na mimi, kwa kuwa kulikuwa na mzungu wa kunisikia, nikaomba kuliko siku zote. Matope, mtaro, chang'aa, nyani, wanaume wavivu, nikamaliza kwa kumwomba Mungu awape watu wale angalau aibu.

Amina ikatikisa mabati. Pasta akasema sasa tumsikie Bi Ingeborg mwenyewe, na aliyesimama ni Mama Dawa.

Yeye akashukuru kwa Kiswahili safi, akasema hakuchoka, kwa kuwa kutoka Gatwekera ni mwendo wa kutembea tu. Kisha akanigeukia, bila hasira hata kidogo.

"Fundi Wekesa ni jirani yangu. Matope ni kweli, paa kuvuja ni kweli. Nyani sijaona. Na wanaume wananisalimia kila asubuhi, hata yeye."

Mzee Njoroge akageuka polepole kwenye kiti chake.

"Kwa hivyo fundi," akaniuliza, "hao watu wa gizani ni nyinyi?"

Ndipo wakacheka. Mbuzi sikumla, mikono sikuwekewa, na Nafula akatembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka, mpaka tulipofika mlangoni akasema yeye kwa miaka sita hajawahi kunipikia nyani.

Jumatatu nikaenda zahanati kuomba radhi. Mama Dawa akasema rafu yake imelegea, basi nikaikaza bila kuinua macho, na nilipomaliza akaniambia, "Wewe umeniombea wiki nyingi, jirani. Na mimi nikuombee nini?"

Nilikuwa na mambo chungu nzima. Paa langu, kifua cha mtoto wetu kilichokuwa kikikohoa, hata kile kiti cha mbele. Lakini mimi niliyeliza kanisa zima nikasimama pale na nyundo mkononi, nikakosa hata neno moja, yeye akiningoja tu.

Tangu siku hiyo simwombei mtu kabla sijauliza anakaa wapi. Na nikiuliza, mara nyingi naambiwa ni hapo tu, basi naacha kuomba kwanza, naenda kumwona.