Jirani Anaiaga Karavani

Jirani yangu wa karavani ya kijani, kijumba cha bati chenye magurudumu kama changu, hapa pwani ya Wales, habishi hodi. Hugonga dirisha kwa pete yake na kuanza kusema kabla hujafungua. Mikono yake haitulii: akipita penye mtungi wa gesi lazima augonge kwa kifundo cha kidole asikilize kama unaisha, hata kama mtungi ni wangu. Kila Krismasi watoto na wajukuu hujibana ndani ya karavani yake, yeye akipika na kuwaamrisha. Mwaka huu wenye uwanja huu tulioegesha wamesema karavani kuukuu ziondoke, na ya kwake kuukuu hasa. Jumamosi bintiye, Eleri, alikuja kumchukua, akamkuta amelala chali chini ya sakafu, anafungulia maji yatoke kwenye mabomba, kama tufanyavyo sote kila baridi inapokaribia, yasigande yakapasua mabomba.

“Mama, kesho kutwa wanakuja kuivunja! Mabomba ya nini tena?”

“Kwani maiti haoshwi? Nimulikie tochi.”

“Na Krismasi unakuja kwangu. Utakaa kwenye kochi, hutagusa kitu.”

Jirani akatoka na spana mkononi, mgongo wote tope. “Kwenye kochi mweke mama mkwe wako. Mimi nakuja siku moja kabla, na jikoni naingia. Hutaki, nakula kwa huyu.” Akaninyooshea spana mimi niliyesimama kando. Nani alimwalika kwangu?

Eleri akavua koti lake zuri, akaliweka kwenye ngazi, akaingia chini ya sakafu na tochi.