Mfuga Teria wa Manga

Mikono ya jirani yetu haikukosa alama za meno ya watoto wa mbwa. Mzungu ambaye yeye alikuwa mpishi wake kule Kericho alipoondoka baada ya Uhuru, alimwachia teria wawili, mbwa wa kuwinda wa miguu mifupi, dume na jike. Tulimcheka mpaka tulipoona wanavyowatoa mashimoni nungunungu waliokuwa wakimaliza viazi vyetu. Basi watu wakaanza kuja hata kutoka Ikonge kutafuta watoto wao. Kabla ya kumtoa mmoja, jirani alimtia kidole mdomoni, akangoja aumwe, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Huyu yuko tayari.” Siku ya Sabato hakumtoa yeyote, na uji wa mbwa aliupika Ijumaa.

Sabato moja, tukitoka kanisani, tulimsikia yule jike akibweka chini ya ardhi. Alikuwa amemfuata nungunungu shimoni, udongo ukaporomoka nyuma yake. Jirani akapiga magoti na suti yake, akaanza kufukua kwa mikono. Mkewe akamletea jembe.

“Baba Drusilla, shika.”

“Jembe ni kazi, mama. Leo ni Sabato.”

Sisi nasi, Wasabato wote, tulisimama tu. Alifukua mpaka kucha zikatoka damu, akimwita kwa ile sauti ya chini, naye akijibu. Baadaye akawa anaita bila kujibiwa. Jua lilipozama, Sabato ikaisha, alichukua jembe, akamfikia upesi. Akamlaza kando, akaendelea kuchimba, maana shimo lilikuwa bado fupi kwa kaburi.