Namba ya Mzee Baki

Wanafunzi wake walimwita Baki, kwa sababu kila hesabu ya kugawanya aliuliza, "Baki ngapi?" Alipostaafu, jalada lake la mafao lilipewa namba 762,929,183, na mwalimu akasahau kuulizia mafao yenyewe. Namba hiyo si shufwa, haiishii kwa tano, na tarakimu zake zikijumlishwa ni arobaini na saba, kwa hiyo hata kwa tatu haigawanyiki. Je, ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Wenzake wakistaafu hufuga kuku.

Akatundika ubao sebuleni, karibu na cherehani ya mkewe, akaanza kuigawa kwa tasa moja baada ya nyingine. Anaandika kwa chaki, anafuta, anasonga mbele. Akivuka elfu ishirini na saba na ushei, kipeuo chake cha pili, bila kupata baki sifuri, namba ni tasa na atakuwa ameshinda.

"Nikimaliza, mama, tutapiga soga mpaka unichoke," alimwambia.

Mkewe akashona, akisubiri. Kabla ya hapo alikuwa akisubiri amalize kusahihisha madaftari, miaka nenda miaka rudi. Alimpenda, na alikuwa mpweke ndani ya chumba kimoja naye.

Jumatatu binti yao alipita kuchukua gauni. Baba alikuwa kwa kinyozi, basi mama akamwomba binti aiulize simu habari za ile namba.

"Inagawanyika, mama. Kwa mia tano themanini na saba."

"Hiyo alishaivuka zamani."

"Basi aliteleza."

Mama alikosa raha. Akinyamaza, mzee ataendelea na furaha yake, jibu amelipa kisogo, hadi siku atakayotangaza uongo. Akisema, atamvunja moyo mtu ambaye hajawahi kukosolewa hesabu hata na mkaguzi. Lakini naye alikuwa na moyo, na umri haukuwa ukimngoja.

Ijumaa, baada ya chai, akaweka mkasi chini. "Mwalimu, hebu igawe kwa mia tano themanini na saba, nione unavyofanya."

"Hiyo nilishaimaliza."

"Nifundishe basi. Mimi hujawahi kunifundisha."

Akagawanya taratibu, akimweleza kila hatua. Chini kabisa ikatoka sifuri. Akafuta, akarudia. Sifuri tena. Akamgeukia mkewe.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nisamehe, mzee wangu."

Hakufoka. Alipangusa mikono, akaja kukaa kwenye kochi, bega kwa bega na mkewe, jua likiwa bado linawaka nje.

"Haya, mama. Nimemaliza. Tuongee nini?"

Mama akafungua mdomo. Miaka yote ile alikuwa amemwekea maneno tele: ya watoto, ya jirani, ya maumivu ya goti, ya siku alipomwona mara ya kwanza. Sasa hata moja halikuja. Machozi yakamtoka, akacheka humo humo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimezoea kuongea na mgongo wako."